Barabara ya Usiku Ina Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.



Mhariri aliniomba darsa ya toleo hili iwe juu ya adabu za safari, kwa kuwa likizo imekaribia na wengi wetu tutapanda mabasi kurudi makwetu. Nilikubali upesi, maana hadithi za safari nilishazisoma darasani na daftari lipo. Lakini nilipokaa kuandika niliona kwamba siwezi kumfundisha mtu adabu za safari kabla sijaeleza safari moja ambayo mimi mwenyewe nilikuwa amiri wake. Wengi mmeisikia. Baadhi yenu mlikuwemo. Dada aliyeumia ameniruhusu niandike kwa sharti nisimtaje jina, na makala hii ameisoma kabla yenu.

Tulikuwa tunakwenda Arua kwenye mafunzo ya likizo tuliyowaandalia wanafunzi wa sekondari. Tulikodi basi la usiku kwa sababu ya fedha, ili tusilipie malazi ya siku ya ziada, na pia kwa sababu baadhi yetu tulikuwa na mtihani mchana ule. Tukaondoka Kampala saa nne usiku. Dua ya safari tuliisoma kwa sauti moja mpaka abiria wa basi la jirani wakatuchungulia madirishani. Tukapita Luweero, tukapita Kafu na Kigumba. Kufika Bweyale wengi walishalala.

Anayeijua njia ile anajua kinachofuata. Unaingia msitu wa Karuma, unateremka hadi daraja la Mto Nile, kisha unapinda kushoto kuelekea Pakwach. Kutoka hapo una kama kilomita 100, na kwa sehemu kubwa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls iko upande wako wa kushoto, vijiji na mashamba upande wa kulia.

Mimi sikulala. Nilikuwa nahesabu saa. Wenyeji wetu walisema watatungojea msikitini kwa Sala ya Alfajiri, na nilitaka sana tufike. Nikisema ukweli, nilitaka pia nionekane amiri anayefika kwa wakati. Nikaenda mbele kwa dereva, mtu mzima mwenye mvi, Mwislamu mwenzetu wa huko huko West Nile.

"Mzee, tukikaza mwendo kidogo tutaiwahi Alfajiri Arua."

Hakugeuka. "Sheikh, hapa si mahali pa kukaza. Saa hizi barabara ina wenyewe."

"Tuna ahadi na watu, Mzee. Na Sala haingoji."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," nikasikia mlio wa injini ukibadilika.

Neno lile, Sala, ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeshasoma, tena nimeshaulizwa kwenye mtihani, kwamba ardhi yote imefanywa mahali pa kusujudia kwa umma huu, na kwamba msafiri husimama popote wakati ukimkuta. Tungeweza kusali kando ya barabara Nebbi bila kupungukiwa na chochote. Lakini mzee wa Kiislamu akitajiwa Sala na kijana anayesomea dini, na kijana huyo ndiye aliyekodi basi, atajibu nini?

Haikupita nusu saa. Sikumwona mnyama. Niliona macho mawili yanang'aa katikati ya taa, breki zikalia, kisha kishindo. Alikuwa kuro jike, mnyama wa jamii ya paa, mkubwa kama ndama aliyekomaa. Kioo cha mbele kiliingia ndani. Dada aliyekaa kiti cha mbele upande wa mlango alipigwa na vipande usoni. Waliokuwa wamesimama kwenye ujia walianguka. Basi liliyumba likasimama likiwa nusu nje ya lami, na sote tukatamka shahada, kila mtu kwa sauti yake.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Akina dada walimshughulikia mwenzao kwa mtandio na maji ya chupa. Sisi akina kaka tuliteremka na tochi za simu. Kuro alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja bado unapiga. Kaka mmoja akapaza sauti, "Kisu! Nani ana kisu?" Mwingine akauliza kama atakuwa halali. Nikajikuta natoa darsa pale pale barabarani: Sura ya al-Maida, aya ya 3, mnyama aliyekufa kwa kupigwa ni haramu, isipokuwa mkimuwahi akiwa na uhai mkamchinja. Nikaeleza wanavyotofautiana wanazuoni juu ya kipimo cha uhai huo. Nikawa najisikiliza. Konda alitukatiza akasema nyama hiyo ni ya serikali, atakayeigusa atalala rumande, na kwa sheria za Uganda alikuwa na haki. Na wakati tunabishana, mguu ulikuwa umeshatulia.

Watu zaidi ya 20 tulisimama juu ya mnyama yule, wote wasomi, na swali letu lilikuwa moja: analiwa au haliwi? Hakuna aliyeuliza alikuwa akienda wapi. Nilipoinua tochi niliona wenzake watatu ng'ambo ya barabara, wamesimama kwenye majani wanatutazama. Walikuwa wanasubiri tuondoke wapite.

Dada yetu alipelekwa hospitali na gari la mizigo lililotukuta pale. Alishonwa, alipona, alhamdulillah, lakini jicho lake la kushoto haliko kama zamani, na muhula uliofuata hakurudi chuoni. Dereva, nilivyosikia baadaye, aliulizwa sana na mwajiri wake kuhusu mwendo ule. Hakunitaja. Nilikwenda kwake mwezi wa pili yake kumwomba radhi, akanikaribisha chai na kuzungumza mambo mengine.

Wiki chache baada ya hapo tulikuwa tunasoma Sahih Muslim, Kitabu cha Uongozi, tukafika kwenye hadithi ya Abu Huraira (R.A.) kuhusu safari. Nilikuwa nimeipita mara kadhaa kabla ya hapo kama mtu anavyopita kibao cha barabarani. Humo Mtume (S.A.W.) anawafundisha wasafiri kwamba wakipita katika nchi yenye rutuba wawape ngamia fungu lao la malisho, na wakipita katika ukame waharakishe. Kisha anawaambia wakisimama kulala usiku wajiepushe na barabara, kwa sababu usiku barabara ni mapito ya wanyama na ni makimbilio ya wadudu.

Nilimsikia yule mzee. Saa hizi barabara ina wenyewe.

Itazameni hadithi hii kwa utulivu. Haraka imeruhusiwa ndani yake, lakini ni haraka ya kumhurumia mnyama asife njaa katika nchi kavu. Haraka yangu mimi ilikuwa ya aina gani? Tena Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba wanyama huvamia njia za watu usiku. Amesema njia hiyo hiyo, ikifika usiku, ni njia yao. Anayetakiwa kusogea pembeni ni mtu. Wanazuoni wanataja kwamba makatazo haya ni adabu na yana maslahi ya msafiri mwenyewe, asije akaumwa na nyoka au akadhuriwa na mnyama mkali, nami sipingi. Basi na sisi maslahi yetu yalikuwa humo humo. Lau tungeiheshimu njia ya kuro, dada yetu angekuwa na macho yake mawili mazima.

Imam an-Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu) katika sherehe yake ya Sahih Muslim anaeleza kwa nini wanyama hufuata barabara usiku: kwa sababu ni nyepesi kupitika, na kwa sababu huokota humo chakula na vitu vilivyoanguka kutoka kwa wapitaji. Mtu huyu alifariki mwaka 676 Hijria, hakuona lami wala lori, na amesema yale yale wanayosema wataalamu wa wanyamapori wa leo. Lami hushika joto la mchana. Maji ya mvua hukimbilia kando yake, kwa hiyo majani ya ukingoni huwa mabichi wakati kwingine kumekauka. Malori humwaga mahindi na mtama. Wanyama huja, na taa zikiwapiga machoni husimama palepale.

Kuhusu hicho chakula kinachoanguka nina jambo la kusema na kila aliyewahi kupita Karuma. Mnawajua nyani wa pale. Basi likipunguza mwendo, madirisha yanafunguka na ndizi zinarushwa, chapati zinarushwa, na watoto wanacheka. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo nikisafiri na mama, na nilipokua nikajiambia ni sadaka, kwani si tumefundishwa kwamba katika kila kiumbe chenye uhai mna ujira? Mamlaka ya wanyamapori imekuwa ikiwasihi wasafiri waache. Nyani aliyezoea ndizi za madirishani haendi tena msituni kutafuta matunda. Anakaa lamini na watoto wake mgongoni kusubiri basi linalofuata, na siku moja linalofuata ni lori lisilo na breki nzuri. Nimewaona waliolala kando ya barabara ile. Ndizi zangu zimo.

Turudi kwenye Qur'ani. Katika Sura an-Naml, aya ya 18 na ya 19, Nabii Sulaiman (A.S.) anapita na majeshi yake, wakafika bonde la wadudu chungu. Chungu mmoja akawahimiza wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Sulaiman na majeshi yake bila wao kuhisi. Hapo kwenye kutohisi ndipo ninapoomba tusimame. Chungu yule hakumtuhumu Nabii wa Allah kwa ukatili. Alijua tu kwamba jeshi kubwa likiwa safarini huponda wadogo na halijui kama limeponda. Na Sulaiman (A.S.) aliposikia hakukasirika kwamba mdudu anamsema. Alitabasamu, akamwomba Mola wake amjaalie kushukuru na kutenda mema anayoyaridhia. Katika kusoma kwangu naona kwamba mwenye nguvu barabarani hapati kisingizio kwa kusema sikuona. Kipawa alichopewa Sulaiman kilikuwa ni kusikia.

Iko pia habari ya mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipokuwa njiani kwenda kuifungua Makka na watu elfu kumi. Inasimuliwa kwamba walipofika sehemu za al-Arj alimwona mbwa jike ananyonyesha watoto wake njiani, akamweka Sahaba mmoja, Ju'ail bin Suraqa, asimame mbele yake ili askari yeyote asiwasumbue. Habari hii ameipokea al-Waqidi, ambaye wanazuoni wa hadithi hawamtegemei katika hukumu, kwa hiyo siijengei hukumu. Hukumu ninazo kwingine. Naitaja kwa sababu Waislamu wameisimulia karne zote hizi bila kuona ajabu kwamba jeshi lipindishwe kwa ajili ya mbwa.

Hukumu iko katika haki ya njia. Katika hadithi inayojulikana na kila mwanafunzi wa madrasa, kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Na Mtume (S.A.W.) alipowakuta watu wamekaa njiani aliwataka waipe njia haki yake, na moja ya haki hizo ni kuzuia udhia. Mafakihi wa Kihanafi wakaweka kanuni kwamba kupita katika njia ya umma ni halali kwa sharti la usalama, yaani kila unachoweza kujikinga usikidhuru, ukikidhuru unawajibika. Sisi huku wengi ni Mashafi'i, na roho ya jambo haitofautiani. Sasa, sisi tumezoea kuusoma udhia kama mwiba, jiwe, ganda la ndizi. Lakini ukiisoma ramani ya nchi hii kutoka upande wa kuro au tembo, anayetoka kwenye maji kwenda kwenye malisho kama walivyokwenda mama zake, udhia uliotupwa njiani mwake ni barabara yetu. Njia yake ilitangulia. Na Sura al-An'am, aya ya 38, inatuambia kwamba wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Umma una safari zake.

Je, basi tusijenge barabara? Hasha. Mama zetu wanajifungulia njiani kwa kukosa barabara. Ninachosema ni kwamba anayekata njia ya mwingine anadaiwa kivuko, na jambo hili linawezekana. Limefanyika karibu na sisi.

Jirani zetu Kenya walikuwa na tembo wa Mlima Kenya waliotenganishwa na wenzao wa Ngare Ndare na Lewa kwa mashamba na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Ukatengwa ushoroba wa kilomita 14, na pale unapokutana na barabara kikajengwa kivuko cha chini, magari yapite juu na tembo chini. Kilianza kutumika Januari 2011. Tembo dume aliyepewa jina la Tony ndiye wa kwanza kuonekana akipita, siku chache tu baada ya njia kuwa wazi, na wengine wakafuata. Hakuna aliyewafundisha. Kivuko kiliwekwa pale walipokuwa wakitaka kupita tangu awali.

Hiyo ndiyo siri yake yote, na ndipo wengi wanapokosea. Huwezi kujenga daraja mahali penye kumrahisishia mkandarasi ukategemea wanyama waje kulitafuta. Unafuata kwanza nyayo zao na mavi yao. Unatega kamera, unauliza wachungaji na madereva. Kisha unajenga, na unaweka uzio pande zote mbili wa kuwaongoza hadi kwenye kivuko, kwa sababu kivuko kisicho na uzio hupitwa kando. Kiwe kipana, mnyama aone mwanga wa upande wa pili, maana paa hataingia shimo la giza ambalo simba angeweza kumngojea. Halafu unasubiri. Wengine huchukua miaka kukiamini. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inapita Tsavo juu ya tuta refu lenye njia za wanyama chini yake. Tembo waliovishwa kola za kuwafuatilia walionekana wakizitumia, ingawa si wote na si kwa wepesi uleule. Nawaelewa. Nami singeingia chini ya treni mara ya kwanza.

Walioendelea zaidi katika jambo hili ni watu wa Kanada. Barabara yao kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Banff, na watu na wanyama walikuwa wakifa pamoja humo. Wakaweka uzio na vivuko 44, sita vya juu vilivyopandwa majani na miti, na 38 vya chini. Ajali za magari na wanyama zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kila ajali iliyopungua hapo ni pia familia iliyofika nyumbani.

Najua mtakaloniambia, kwa kuwa niliambiwa kwenye halaka yetu ya Alhamisi: Kanada ina fedha, sisi zahanati hazina dawa, na wewe unataka daraja la paa? Aliyeuliza ni rafiki yangu na swali lake ni la haki. Nilimjibu kwa mambo mawili. Aende kwanza amwulize dada yetu kama kuro yule hamhusu. Na pili, si kila kivuko ni zege. Diani, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, mbega walikuwa wanauawa wakivuka barabara ya ufukweni, na shirika la kuwalinda likafunga madaraja ya kamba juu ya barabara kutoka mti hadi mti. Mbega wanapita juu, pikipiki zinapita chini. Tanzania, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na huko wameweka matuta, vikomo vya mwendo na faini kwa anayegonga mnyama. Wanyama bado wanagongwa Mikumi, sitawadanganya, na tuta halina uwezo wa kivuko. Lakini tuta la zege dereva halipiti kwa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda zaidi ya mita 22 kila sekunde, na kuanzia dereva anapoona macho yakiwaka mpaka mguu wake ufike kwenye breki, sekunde hiyo moja au zaidi imeshakwisha. Mimi niliinunua sekunde hiyo kwa neno Sala.

Mwingine aliuliza kama zaka inaweza kujenga kivuko. Hapana. Zaka ina wenyewe wanane waliotajwa katika Sura at-Tawba, na sisi hatuna idhini ya kuongeza wa tisa. Sadaka inafaa, na kazi inayobaki watu na wanyama wakinufaika nayo tunatarajia iwe sadaka inayoendelea. Lakini mwenye jukumu la kwanza ni anayejenga barabara kwa kodi zetu, na wakati wa kumwambia ni kabla lami haijamwagwa. Kuongeza kivuko chini ya barabara iliyokwisha ni kuivunja upya. Hapa kwetu lami imeshaingia hadi ndani ya Murchison kwa ajili ya mradi wa mafuta, na Paraa, palipokuwa na feri tu, sasa pana daraja juu ya Nile. Zitakuja nyingine. Miongoni mwenu wamo wanafunzi wa uhandisi wanaokaa safu ya nyuma Ijumaa na kuondoka kabla ya matangazo. Darsa hii ni yenu kuliko yangu. Mimi nitabaki na vitabu. Nyinyi ndio mtakaopewa ramani na penseli.

Shura ya jumuiya ilikaa mara mbili juu ya jambo hili. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu, kwa sababu nilitaka ukweli wa mwendo ule uandikwe kwenye kumbukumbu na baadhi ya wenzangu walitaka ibaki qadar ya Allah. Ni qadar, nami ninaiamini kheri yake na shari yake. Lakini mtu hufunga ngamia wake kisha akategemea, na mimi nilimfungua. Ukaandikwa.

Tuliyokubaliana ni haya. Jumuiya haitakodi tena basi la usiku kwa njia ya Karuma na Pakwach, wala kwa barabara nyingine yoyote inayopita hifadhini. Tutaondoka baada ya Alfajiri, na gharama ya malazi itachangwa tangu mwanzo wa muhula. Amiri wa safari haruhusiwi kuzungumza na dereva kuhusu mwendo, isipokuwa kumwomba apunguze. Chakula hakirushwi dirishani. Na tumeandika barua kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi na kwa Mamlaka ya Wanyamapori, tukiomba alama na matuta katika sehemu za mapito kwenye njia ile, na vivuko vifikiriwe kila barabara ya hifadhini inapochorwa upya. Hatukutaka barua iwe ya maneno matupu, kwa hiyo tulikwenda stendi tukakaa na madereva wa njia ya West Nile, tukawaomba watuonyeshe kwenye ramani ni wapi hasa wanyama huvuka na kwa saa zipi. Walijua vizuri ajabu. Walitaja miti na makalvati, wakatuambia mahali ambapo tembo hupita kwenda kwenye mihogo ya watu. Mzee wetu alikuwa wa kwanza kuchukua kalamu. Alitia alama kumi na moja. Moja wapo aliizungushia duara mara mbili, hakusema kitu, na mimi pia sikuuliza.

Barua na ramani viko mezani kwa katibu, nje ya msikiti wa chuo, baada ya kila Sala ya Ijumaa mpaka muhula ufungwe. Njooni mtie saini, na kama mnaijua sehemu ya mapito ambayo hatukuiweka, iongezeni. Kwa wanaosafiri wiki ijayo, basi la Arua litaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dada yetu anarudi chuoni muhula ujao inshaallah, ila likizo hii yuko nyumbani kwao Nebbi na ameomba tupite kumsalimia, maana safari hii tutakuwa na mwanga wa mchana.

Ee Mola wetu, tusamehe tuliyoyaponda bila kuhisi, mponye mgonjwa wetu, na utufikishe salama sisi na tunaokutana nao njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.